Kishikwambi Hakifundishi Peke Yake: Dhana Potofu Kuhusu Misaada ya Teknolojia Shuleni

Hafla ya kukabidhi kompyuta shuleni huwa na mpangilio unaojulikana. Meza hutandikwa kitambaa chenye rangi za kampuni, wanafunzi hupangwa mbele yake wakiwa na sare zilizopigwa pasi, mgeni rasmi hunyanyua hundi ya mfano yenye upana wa mlango, kisha mkuu wa shule hutoa neno la shukrani na kuomba msaada mwingine. Kushukuru ni uungwana na sina neno juu yake. Kinachonisumbua ni imani zinazobaki midomoni mwa watu hafla ikishakwisha, ambazo wazazi, madiwani na hata baadhi ya walimu huzirudia kana kwamba zimethibitishwa, ilhali ushahidi uliopo, na sehemu yake imepatikana hapa hapa Tanzania, unasema vingine.

"Mtoto akipewa kifaa, atajifunza mwenyewe"

Dhana hii ni ngumu kuing'oa kwa sababu ndani yake mna chembe ya ukweli. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza mpango wa kumpatia kila mtoto wa nchi maskini kompyuta mpakato ya dola 100. Rwanda iliingia katika mpango huo, na Peru ikawa miongoni mwa nchi zilizoupokea kwa nguvu zaidi, ikagawa mamia ya maelfu ya mashine hizo hadi vijiji vya milimani. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika shule 319 za vijijini nchini humo. Watoto walikuwa wameizoea kompyuta, na katika vipimo vya jumla vya kufikiri walionyesha nafuu fulani, lakini katika hisabati na lugha hapakuonekana tofauti kati ya waliopewa mashine na wasiopewa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa mkoa wa Tanga, nao unastahili kutazamwa kwa utulivu kwa sababu hutajwa na pande zote mbili za mjadala. Shindano la XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014 kwa zawadi ya dola milioni 15 iliyofadhiliwa na Elon Musk, liliwataka wabunifu watengeneze programu ya kumwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Timu tano zilizofika fainali zilijaribiwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, katika vijiji takriban 170 vya Tanga, kwa watoto wanaokaribia 3,000 ambao wengi wao hawakuwahi kwenda shule. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana ushindi.

Matokeo hayo ni makubwa, na sitaki kuyapunguzia uzito. Mtoto aliyekuwa hana shule, mwalimu wala kitabu alipata kitu cha maana. Lakini anayeyatumia kudai kwamba mwalimu anaweza kuondolewa darasani anaruka mambo ambayo hayarukiki. Nusu ya wale wasiojua kusoma walibaki hawajui hata neno moja baada ya mwaka mzima na miezi mitatu. Programu hizo ziliandaliwa kwa Kiswahili, kuanzia herufi ya kwanza, na watu waliofanya kazi hiyo kwa miaka. Vijijini kuliwekwa vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua pamoja na watu wa kuvisimamia, na nyuma ya mradi kulikuwa na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yenyewe. Anayepeleka shuleni vishikwambi vitupu na kuondoka hapeleki kilichojaribiwa Tanga.

Kenya nayo ilipitia njia ndefu. Ahadi ya uchaguzi wa mwaka 2013 ilikuwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa, na mwaka 2016 programu ilipoanza kwa vitendo vilikuja vishikwambi, ambavyo hatimaye vilipita milioni moja. Kabla ya hapo maelfu ya shule zilihitaji kuunganishwa na umeme na walimu walihitaji kupewa mafunzo, na kazi hiyo ya nguzo, nyaya na semina haikuwa na mvuto wowote katika jukwaa la siasa.

Wala teknolojia ya kufundishia si lazima iwe na skrini ya kugusa. Zanzibar imewafundisha watoto wadogo kwa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika Morogoro, ulionyesha kwamba watoto wa umri wa chekechea waliotazama katuni za elimu zinazotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo walipiga hatua kuliko wenzao katika stadi kama kuhesabu na kutambua maumbo. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, ni redio na televisheni zilizoweza kufika katika nyumba nyingi ambazo intaneti haikuzifikia.

"Msaada hauigharimu shule chochote"

Hapa ndipo shule nyingi huumia kimyakimya. Tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji imekokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya msingi yenye watoto 500 ina milioni tano kwenye karatasi, na kinachoingia katika akaunti yake ni pungufu ya hapo. Fedha hiyo ndiyo ya chaki, mitihani, ukarabati, michezo na shajara za ofisi. Kompyuta ishirini zikiletwa, fedha hiyohiyo itatakiwa kununua umeme wa LUKU, nondo za madirisha, kufuli, betri na ujira wa fundi.

Nimeingia katika chumba cha namna hiyo katika sekondari moja ya kata. Kompyuta zilikuwa za mezani, zilizokwisha kutumika ofisini kabla ya kutolewa msaada, na kila moja ilikuwa na namba ya mali ya ofisi ya zamani iliyobandikwa ubavuni. Kibodi zilifunikwa kwa nailoni kuzuia vumbi. Mashine zote zilitegemea ekstensheni mbili zilizounganishwa kwenye soketi moja ya ukutani, kwa hiyo nusu tu ziliweza kuwashwa kwa pamoja. Iliyowashwa mbele yangu ilifungua dirisha la kudai leseni ya programu iliyokwisha muda, na leseni hiyo isingeweza kuhuishwa bila intaneti ambayo shule haikuwa nayo. Msimamizi wa chumba alikuwa mwalimu wa fizikia, mwenye mzigo kamili wa vipindi, ambaye kazi ya TEHAMA aliongezewa bila mafunzo wala posho. Wanafunzi wake walizungumzia mfumo wa uendeshaji kwa usahihi kabisa, maana walikuwa wameunakili kutoka ubaoni.

Sehemu kubwa ya kadhia hiyo ingeepukika bila gharama ya kutisha. Ziko programu huria zisizodai leseni, na programu zilizofika fainali za shindano la Tanga ziliachwa wazi ili mtu yeyote azitumie na kuziboresha. Yako pia maktaba ya masomo yanayohifadhiwa ndani ya kompyuta moja na kusomwa na nyingine zote bila intaneti. Mtoaji anayeuliza kwanza shule ina soketi ngapi huleta vifaa vichache zaidi, lakini vinavyofanya kazi.

Mashine chakavu zina gharama nyingine ambayo haionekani siku ya kukabidhiwa. Kompyuta iliyobakiza miaka miwili ya uhai, ikitolewa msaada, humpunguzia mtoaji shida ya kuitupa na kuihamishia shuleni, ikiwa na risasi na kemikali nyingine ndani yake. Kenya, kwa sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, imeweka kanuni kwamba mzalishaji hubaki na wajibu juu ya bidhaa yake hadi inapokuwa taka. Hakuna sababu ya msingi ya kumwondoa anayetoa msaada katika fikra hiyo.

"Watoto wa leo wamezaliwa wakiijua teknolojia"

Wamezaliwa wakiiona, na hilo ni jambo tofauti. Utafiti wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2018, uliopima stadi za kutumia kompyuta na taarifa kwa wanafunzi wa darasa la nane katika nchi ambazo nyingi zina vifaa tele, ulikuta asilimia 2 tu wakifika ngazi ya juu, ile ya kuweza kuchambua na kutathmini taarifa wanazozipata mtandaoni. Kutelezesha kidole kwenye kioo cha simu hakumfundishi mtu kutambua habari ya uongo.

"Picha na taarifa za mtoto ni jambo dogo"

Turudi kwenye wale wanafunzi waliopangwa mbele ya kitambaa cha kampuni. Picha zao hutumika katika matangazo, ripoti za mwaka na kurasa za mitandao ya kijamii, na ni nadra mzazi kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika mwezi Mei 2023. Kenya ina sheria yake tangu mwaka 2019, na mwaka 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi za Kenya milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kisichoonekana kwa macho kina hatari zaidi: mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza programu na tovuti za kujifunzia zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali 49 wakati wa korona, likakuta takriban 9 kati ya 10 zikichukua au zikiweza kuchukua taarifa za watoto kwa namna inayogusa haki zao. Mtoto anayelipa kwa taarifa zake hajapewa kitu cha bure, hata kama hakuna shilingi iliyotoka mfukoni mwa mzazi wake.

"Kampuni inatoa kwa hisani yake tu"

Msemo wa kwenye hafla ni kwamba kampuni "inarudisha kwa jamii" sehemu ya faida yake. Mara nyingi nia ni njema, na zipo taasisi za makampuni zilizosomesha watoto kwa miaka mingi. Hata hivyo, sehemu ya kile tunachokiita hisani ni wajibu uliomo katika sheria. Minara ya simu katika vijiji visivyo na biashara ya kutosha, pamoja na kompyuta zinazopelekwa katika baadhi ya shule za umma, hugharimiwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 na unaochangiwa na makampuni ya mawasiliano kwa mujibu wa sheria hiyo. Michango kwa Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania humpa mchangiaji nafuu ya kodi, maana yake umma nao hubeba sehemu ya zawadi hiyo. Na kabla ya zawadi yoyote kuna kodi na ushuru wa huduma wa halmashauri, fedha ambazo hupangwa na watu waliochaguliwa na hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Kampuni inayokwepa hizo na kutoa madawati haijairudishia jamii kitu.

Tofauti ya hisani na wajibu huonekana mambo yanapobadilika. Mwezi Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya mmiliki wa Google, ilianza kutoa intaneti nchini Kenya kwa maputo yaliyopaa juu kabisa angani, kwa kushirikiana na Telkom. Mwezi Januari 2021 ilitangazwa kwamba mradi unafungwa, kwa kuwa haukuonekana kuweza kujiendesha kibiashara. Kampuni ilikuwa na haki ya kuamua hivyo. Ndiyo maana si busara kujenga ratiba ya masomo ya wilaya nzima juu ya uamuzi ambao mtu mwingine anaweza kuubadilisha katika kikao kimoja.

India, kwa sheria yake ya makampuni ya mwaka 2013, huzitaka kampuni kubwa zitenge asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa ajili ya jamii. Tanzania imefuata njia nyingine katika madini. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kuuafiki pamoja na halmashauri ya eneo lake. Hapo kampuni haichagui peke yake kipi kijengwe na wapi. Mpango ukiwa na kompyuta za shule, diwani ana nafasi ya kudai yaandikwe humo mambo manne: nani atalipia matengenezo na kwa miaka mingapi, masomo yaliyomo yako kwa lugha inayotumika darasani, mwalimu yupi amefundishwa na amepunguziwa vipindi vingapi, na mashine zikifa zitachukuliwa na nani. Mzazi asiye diwani anaweza kuyauliza hayo katika mkutano wa kijiji au mbele ya kamati ya shule, ikiwezekana kabla tarehe ya hafla haijapangwa.