Yale maputo ya intaneti: tuliyoambiana na yaliyokuwa kweli

Juzi kwa kinyozi stori ya Starlink, ile intaneti ya setilaiti, ikaanza, na kama kawaida jamaa mmoja akadakia, "hizo si ngeni bana, si zilikuja wakati wa corona kwa baluni zikaanguka zote." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa na mashine shingoni kwa hivyo nikanyamaza, lakini imenikaa rohoni, manake katika hiyo sentensi moja kila kitu kimepinda kidogo.

Tuanze na hiyo ya Starlink. Puto si setilaiti. Setilaiti za Starlink zinazunguka dunia kilomita 550 hivi juu, na kwa kawaida ili uzitumie unahitaji dishi lake juu ya paa. Hizo alizoita baluni, yale maputo ya intaneti yaliyokuja Kenya 2020, yalikuwa ya Loon, mradi wa Alphabet, wale wenye Google, na yalikuwa yanaelea kilomita 20 hivi juu, mara mbili ya pale ndege za abiria zinapopita lakini bado ndani ya hewa yetu, na hukuhitaji dishi wala fundi, simu yako ya 4G ilikuwa inashika tu yenyewe. Yaani lile puto ni busta. Chukua ule mnara wa kijijini kwenu, toa vyuma vyote, bakisha antena, betri na sola, halafu uvining'inize chini ya mfuko wa plastiki mkubwa kama uwanja wa tenisi. Intaneti yenyewe ilikuwa inatoka hapa hapa chini, kituo cha ardhini kinarusha kwa puto moja, hilo linampasia mwenzake, mwenzake anapasia mwingine, mpaka la mwisho linashusha kwa simu yako.

Na haikuwa waifai ya bure kama wengi walivyodhani. Hii ndo iliumiza watu wengi. Shangazi yangu anakaa Baringo, na kwake simu inaishi ndani ya kikombe cha plastiki kilichopigiliwa misumari kwenye fremu ya dirisha la jikoni, ukiitoa hapo netiweki imeenda, kwa hivyo akitaka kuongea anaweka spika na anainamia kile kikombe kama mtu anayenusa chai. 2020 akanipigia analalamika kwamba ameskia kwa redio intaneti ya angani imezinduliwa huko huko kwao, Radat, waziri wa mawasiliano, Joe Mucheru, mwenyewe amefika, na yeye hajaona kitu. Nikamuuliza shangazi una laini gani, kumbe haikuwa ya Telkom. Na simu? Mulika mwizi. Sasa hapo hata puto likitua juu ya banda la kuku haliwezi kukusaidia, kwa sababu Loon ilikuwa inafanya kazi na kampuni moja tu ya simu, Telkom Kenya, masafa ya Telkom, bando la Telkom, na 4G tu. Halafu kuna kitu matangazo hayakupigia kelele sana, umeme wake ulikuwa wa jua, kwa hivyo huduma ilikuwa ya saa 12 asubuhi mpaka saa 3 usiku, baada ya hapo lala. Kasi lakini haikuwa mbaya, kwenye majaribio walipata mpaka megabiti 18.9 kwa sekunde kushusha na 4.74 kupandisha. Kuna watu mjini wanalipia faiba na hawaoni hiyo.

Swali ambalo huwa naulizwa sana ni hili, kama halijafungwa na kamba, upepo haulipeleki Somalia? Unalipeleka, na ndo uzuri wenyewe. Kule juu upepo umepangika kwa tabaka, huu unaenda mashariki, panda kidogo unakuta mwingine unarudi magharibi. Puto halina usukani, linajua kupanda na kushuka tu. Ndani yake kuna chumba cha hewa, pampu ikiingiza hewa ya nje puto linakuwa zito linashuka, ikiitoa linapanda. Kwa hivyo linasafiri kama mtu wa matatu, huendeshi gari, unashuka stejini unapanda ile inayoelekea unakotaka. Maputo yaliyokuja Kenya yalirushwa Nevada na Puerto Rico, huko Marekani, yakavuka bahari hivyo hivyo, tabaka kwa tabaka, mpaka juu ya Bonde la Ufa. Uamuzi wa kupanda au kushuka ulikuwa wa kompyuta, na baadaye wakaipa programu inayojifundisha yenyewe, ikajaribiwa siku 39 juu ya bahari ya Pasifiki karibu na ikweta ikawashinda wataalamu walioandika ile ya kwanza. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la sayansi la Nature Desemba 2020. Mwezi uliofuata mradi ukafungwa, lakini ngoja tutafika hapo.

Sasa mambo ya kuanguka. Ni kweli, Januari 2018 moja lilitua kwenye shamba la miraa huko Nthambiro, Meru, watu wakajaa kulitazama na wengine wakasema kichwa kinauma. Mtu akiona dude la plastiki na mawaya limeshuka kutoka mbinguni usiku, hata mimi kichwa kingeuma. Lakini gesi iliyokuwa inatumika ni heliamu, ile ile ya baluni za bathdei, haina sumu. Na mawimbi yanayokufikia kutoka kilomita 20 yamechoka kuliko yale ya simu uliyobana sikioni hapo. Wale wanaosema maputo yalileta 5G na 5G ikaleta corona ndo nawaachia wenyewe, hiyo ilikuwa 4G jamani.

Kushuka pia si ajali siku zote. Plastiki ikizeeka kwa jua na baridi ya huko, walikuwa wanaachilia gesi taratibu, parachuti inafunguka, watu wa usalama wa anga wameshaambiwa. Puto lilikuwa la kudumu siku mia na kitu, moja ndo lilivunja rekodi likakaa siku 312 angani kabla ya kushushwa Mexico mwaka 2020. Kwa hivyo kuona limetua si dalili kwamba mradi umefeli, ni kama kuona matatu imeingia gereji.

Kuhusu wale wanaosema maputo yalikuwa ya kutupeleleza, sina mengi. Hizi hadithi zilipamba moto zaidi baada ya Wamarekani kutungua lile puto la China Februari 2023, watu wakachanganya mambo, na wakati huo Loon ilikuwa imezikwa miaka miwili. Data yako ilikuwa inapita kwa Telkom kama tu vile ingepita kwa mnara wao wowote, kama hukuwa na wasiwasi na mnara sioni kwa nini uogope mnara unaoelea.

Corona nayo haikuleta maputo. Majaribio ya wazi yalianza New Zealand Juni 2013, 2017 yakasaidia Peru baada ya mafuriko na Puerto Rico baada ya kimbunga Maria, na mkataba na Telkom ulitangazwa 2018. Corona iliharakisha tu vibali, Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, akatangaza Machi 2020, na 7 Julai huduma ikafunguliwa rasmi kwa maputo kama 35 hivi.

Ila dhana inayoniudhi kuliko zote ni ile iliyotoka kwa watu wenye tai, kwamba haya yalikuwa ya kuokoa wale ambao hawajawahi kuona netiweki. Angalia ramani. Zilikuwa kilomita za mraba kama 50,000, na majina yaliyotajwa ni Iten, Eldoret, Baringo, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Bomet, Kericho, Narok. Nakuru kweli? Kisumu? Si hiyo ni miji mikubwa. Ndio, kuna mabonde huko katikati ambayo hayashiki kitu, kikombe cha shangazi ni shahidi, lakini Turkana na Mandera, kule kaskazini kabisa, hawakuwa kwenye hiyo orodha. Na hapo ndo penye jibu la kwa nini ilikufa. Tarehe 21 Januari 2021 Loon wenyewe walisema wazi, hawakupata njia ya kushusha gharama mpaka biashara isimame. Hawakusema maputo hayafanyi kazi. Puto moja ni makumi ya maelfu ya dola, baada ya miezi michache unaleta lingine, na unahitaji mengi kwa zamu ili moja likisukumwa mbali jingine liwe limefika. Upande wa pili, mtu ambaye minara haijamfikia mara nyingi ndo huyo huyo mwenye mulika mwizi anayenunua kredo ya shilingi kumi. Sasa hiyo hesabu utaifungaje? Hakuna kompyuta ya kuchagua upepo inayoweza kumnunulia shangazi simu. Huduma ikazimwa Machi, miezi minane hata haijaisha, wakaahidi dola milioni 10 za kusaidia mashirika ya intaneti na elimu hapa Kenya.

Halafu kuna wanaosema hakuna kilichobaki. Kilibaki. Ile kazi ya kurushiana data kwa miale ya mwanga kati ya puto na puto waliishusha chini ikawa mradi mwingine unaoitwa Taara, vifaa viwili vinatazamana juu ya minara na kati yao hakuna waya. 2021 waliuweka kati ya Brazzaville na Kinshasa, kilomita 4.8 kuvuka mto Kongo, mahali ambapo kebo ilibidi izunguke zaidi ya kilomita 400 kufika ng'ambo. Kwa siku 20 ikapitisha terabaiti karibu 700. Ukungu mzito ndo unausumbua, na ndege akikatiza mbele ya ule mwale.