"Imeingia, basi ndiyo yake": dhana potofu kuhusu kutambua risasi

Wenye leseni halali ya silaha, waliopita mafunzo na kufaulu mtihani, bado wananijia na kiganja kilichojaa risasi za mchanganyiko na maneno yale yale: "Nimeijaribu, imeingia, basi ndiyo yake." Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, tena akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Nayaandika hapa.

Dhana: Risasi ikiingia kwenye chemba, ndiyo yake

Si kweli, na dhana hii inakata watu vidole. Chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, inazuia iliyo kubwa kuliko nafasi yake tu. Iliyo ndogo inapokelewa kimya kimya, na mara nyingi hiyo ndogo ndiyo inayokuja kupasua silaha.

Chukua shotgani. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12. Ikitumbukia kwenye mtutu wa geji 12, haikai kwenye chemba. Inateleza mbele mpaka ukingo wa kitako chake unakwama pale mtutu unapoanza kubana. Mpigaji anavuta kifyatulio, hakuna mlio. Anafungua, anaona chemba tupu, anadhani alisahau kujaza. Anaweka ya geji 12, nayo inaenea vizuri kabisa nyuma ya ile iliyokwama. Anafyatua tena. Mtutu unapasuka karibu na pale mkono wa mbele unapoushikilia. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutumia plastiki ya manjano kwa geji 20. Lakini rangi ni onyo tu, si kitambulisho, na risasi kuukuu haziufuati utaratibu huo.

Linalowachanganya zaidi ni kwamba namba ya geji inakwenda kinyume. Geji 12 maana yake gololi 12 za madini ya risasi, kila moja ikiwa na upana wa mtutu huo, hutimiza ratili moja. Namba ikipanda, mtutu unapungua: geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 20 ni kama milimita 15.6. Ile .410 haimo kwenye hesabu hiyo kabisa, kwa sababu ni kipimo cha inchi.

Kwenye bunduki za kisasa, kinachonitia hofu kuliko vyote ni .300 Blackout karibu na silaha ya milimita 5.56. Ganda la .300 Blackout limetokana na ganda la .223 lililofupishwa, kwa hiyo kitako ni kile kile, boliti (kipande kinachofunga chemba kwa nyuma) inalikamata vile vile, na magazini inayotumika ni ile ile. Kichwa chake, ile sehemu inayoruka, kina upana wa milimita 7.8, na mtutu wa 5.56 unataka kichwa cha milimita 5.7. Kwa kawaida kichwa kingezuia boliti kufunga, lakini baadhi ya vichwa hurudi ndani ya ganda vikisukumwa, na boliti inafunga. Hapo mgandamizo wa gesi unakosa pa kutokea, na silaha inapasukia usoni pa aliyeishika. Mwenye silaha za aina zote mbili, magazini zake zisikae mfuko mmoja hata siku moja, na kila moja ifungwe utepe wa rangi yake.

Halafu zipo milimita 9. Watu hutamka "tisa" kana kwamba ni risasi moja. Ile ya .380, inayoitwa pia 9 mm fupi, ina ganda la milimita 17. Ya Makarov ina ganda la milimita 18. Parabellum, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, ina ganda la milimita 19. Kichwa cha Makarov kina upana wa karibu milimita 9.3, wakati hizo mbili nyingine zina 9.0. Tofauti ya milimita moja moja jicho haliikamati mpaka uziweke ubavu kwa ubavu. Ile .380 ukiiweka kwenye bastola ya Parabellum inazama ndani zaidi ya inavyotakiwa, na inaweza kulipuka ikiwa imeshikiliwa tu na ndoano ya kuvutia maganda. Mtu akinionyesha ganda lililovimba upande mmoja au kupasuka ubavu, swali langu la kwanza ni kama aliweka .380.

Dhana: Namba ikifanana, risasi ni moja

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza. Tazama 7.62, ambayo ni sehemu 30 kwa mia za inchi zikiandikwa kwa milimita. Ipo 7.62x25 ya bastola ya Tokarev, 7.62x39 ya AK-47, 7.62x51 ya NATO, na 7.62x54R ya mwaka 1891 yenye ukingo uliotokeza kitakoni. Namba ya pili ndiyo urefu wa ganda, na ndiyo watu wanayoiacha wanapoagiza. Hata hiyo ya kwanza haisemi ukweli wote: kichwa cha 7.62x51 kina upana wa milimita 7.82, na cha 7.62x39 ni kama 7.9.

Kinyume chake pia kipo. Rivolva ya .357 Magnum hupiga .38 Special bila tatizo, maana vichwa vyote viwili vina upana wa inchi .357. Jina la .38 ni urithi wa risasi za zamani ambazo kichwa chake kililingana na upana wa nje wa ganda. Ganda la Magnum lilirefushwa zaidi ya milimita 3 makusudi ili lisiingie kwenye rivolva ya .38, isiyoweza kuhimili nguvu yake. Namba tofauti zinakubaliana upande mmoja, namba zilezile zinakataana. Kariri namba utakavyo, bila kutazama umbo hutafika.

Ninavyozitambua mimi

Naanza kitakoni. Risasi za kiraia kwa kawaida huandikwa jina la mtengenezaji na kaliba, yaani kipimo cha risasi. Za kijeshi mara nyingi zina alama ya kiwanda na mwaka tu. Za Kisovieti huwa na namba ya kiwanda juu na mwaka chini. Duara lenye msalaba ndani yake ni alama ya viwango vya NATO, si kaliba. Wapo wanaosoma mwaka wakadhani ni kipimo, kwa hiyo usiishie kwenye maandishi.

Kisha ukingo. Umetokeza nje ya mwili wa ganda, kama .38 Special, .303 na 7.62x54R? Au umelingana na mwili na juu yake kuna mfereji, kama 9x19, 5.56 na 7.62x39? Ile .32 ya bastola iko katikati: ina mfereji, lakini ukingo unatokeza kidogo, na ukipitisha ukucha utausikia. Baadhi ya risasi za wanyama wakubwa, kama .375 H&H ya mwaka 1912, zina mkanda mnene juu ya mfereji. Ukingo pekee unakupunguzia nusu ya kazi.

Baada ya hapo mwili: umenyooka, umechongoka kuelekea mdomoni, au una bega na shingo kama chupa? Ganda la 7.62x39 limechongoka waziwazi, ndiyo sababu magazini yake imepinda. La 5.56 limenyooka zaidi mpaka begani. Mwisho kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na urefu: upana wa ukingo, upana wa mwili juu ya mfereji, upana wa mdomo, upana wa kichwa, na urefu wa ganda peke yake. Urefu wa risasi nzima usiutegemee, kwani hubadilika kwa kila aina ya kichwa. Tumia kalipa ya plastiki, na risasi isijaribiwe kwenye silaha hata kwa "kuchungulia tu". Kisha linganisha na maandishi ya kaliba yaliyochongwa kwenye mtutu.

Maandishi hayo yana kazi kubwa zaidi kwa .223 na 5.56x45. Kwa nje ganda ni lile lile. Jicho halitakusaidia, wala kalipa. Silaha ya .223 ina nafasi fupi zaidi mbele ya chemba, na risasi ya 5.56 inaweza kuzidisha mgandamizo humo. Silaha ya 5.56 haina shida na .223.

Na dhana hizi nyingine kwa haraka

Umbo la chupa ni bunduki, ganda lililonyooka ni bastola. Mara nyingi, ndiyo. Lakini Tokarev ni ya bastola na ina bega na shingo, na .30 Carbine ni ya bunduki na imenyooka.

Risasi nene ndiyo kali. Kiwango cha juu cha mgandamizo wa .45 ACP ni karibu megapaskali 145. Cha 9x19, iliyo nyembamba, ni karibu 240. Risasi ya .22 na ile ya .223 zina vichwa vya upana unaokaribia kulingana, na ya pili inakwenda kasi zaidi ya mara mbili.

Ncha ya kijani inatoboa chuma cha kivita. Kwenye 5.56 ya NATO kijani ni alama ya kichwa chenye kipande cha chuma ndani, na ya kutoboa kivita hupakwa nyeusi. Kwenye 7.62x39 ya Kisovieti kijani ni risasi inayoacha mwanga njiani. Rangi isomwe pamoja na asili ya risasi, la sivyo isisomwe.

Risasi baridi haina madhara. Utaijua kwa mdomo uliokunjwa kama ua, bila kichwa. Ina baruti na fataki (kiwashio cha kitakoni) halisi, na kwa karibu gesi yake imeua. Ya mazoezi, isiyo na baruti, kwa kawaida ina matundu au mifereji ubavuni, au haina fataki kabisa.

Fataki ikiwa na kovu, risasi imeshakufa. Kovu linaonyesha kwamba pini iligonga, basi. Kama kichwa bado kipo, hiyo ni risasi hai iliyokataa kuwaka, na nimeletewa nyingi za namna hiyo zikiwa zimefanywa pambo la funguo. Ipeleke kituo cha polisi au kwa fundi silaha aliyesajiliwa, na usijaribu kuing'oa kichwa kwa koleo.