Dume anayezaa mayai yasiyoanguliwa

Juzi Marikiti, mama ninayenunua maembe kwake alinipasulia embe aina ya Apple lililotoka Makueni. Kwa nje lilikuwa zuri, lina kidoa kimoja tu cha ukubwa wa kichwa cha pini. Ndani, funza walishageuza nyama yake kuwa uji. "Daktari, si wewe ndiye mtu wa nzi? Mbona hamuwamalizi?" Wateja walikuwa wengi, nikamjibu kwa maneno mawili matatu nikaondoka. Swali lake linastahili jibu refu zaidi ya lile.

Kidoa kile ni tundu la nzi jike, pale alipochoma tunda akataga mayai. Katika maembe yetu mkosaji mkuu ni Bactrocera dorsalis, nzi aliyetoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina lake peke yake, Bactrocera invadens, na ilipofika 2015 ikakubalika kwamba ni yule yule wa Asia. Kwa ajili ya nzi wa matunda, mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya, na biashara hiyo ilifunguliwa tena 2021. Dawa ya kunyunyiza haimsaidii sana mkulima, kwa sababu buu yuko ndani ya tunda na dawa inabaki kwenye ganda.

Ipo njia nyingine, nayo ni kumtuma nzi akamwangamize nzi mwenzake. Hermann Muller alionyesha mwaka 1927 kwamba miale ya eksirei hubadilisha jeni na kuvunja kromosomu za nzi, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Edward Knipling wa Marekani alikuwa na wazo la kuwamwagia nzi wa donda la mifugo madume tasa wengi, ili majike wakipandwa nao wasipate kizazi, na kazi ya Muller ikampa njia ya kuwapata madume hao. Mwaka 1954 kisiwa cha Curaçao, huko Karibi, kilisafishwa hivyo. Sisi Afrika Mashariki tuna mfano wetu: mbung'o wa Unguja, Glossina austeni, alimalizwa kwa madume waliofugwa Tanga na kumwagwa kwa ndege katika miaka ya 1990.

Hapa ndipo watu wengi wanapoelewa vibaya. Hudhani dume huyo amefanywa hanithi. La. Ana mbegu, mbegu zinakwenda, zinalifikia yai na kulirutubisha. Kilichoharibika ni kromosomu zilizomo ndani ya mbegu, zimekatwa vipande na miale ya gama. Kromosomu ya nzi ina sehemu moja tu inayoshikwa seli inapogawanyika, iitwayo sentromia. Kipande kisicho na sentromia hakivutwi na upande wowote, kinapotea. Vipande viwili vyenye sentromia vikiungana, kila upande unavuta kwake mpaka vinakatika upya, na mkatiko huo unarudi seli zinapogawanyika tena. Kiinitete hakivumili fujo hiyo, kinafia ndani ya yai. Jike naye ametaga kama kawaida, wala hajui kwamba kizazi chake kimeishia hapo. (Nondo ni wagumu zaidi. Kromosomu zao hushikwa urefu wake wote, hivyo kipande kilichovunjika bado kinavutika, na miale lazima iwe mikali zaidi.)

Nzi wenyewe hawana mionzi yoyote mwilini baada ya kupigwa miale. Naliandika hili wazi kwa sababu huulizwa kila mara.

Shida kubwa ni majike. Ukifuga nzi milioni, nusu yao ni majike, na jike tasa bado anachoma tunda. Isitoshe, dume tasa akiwa naye karibu atamalizia nguvu zake kwake badala ya kumtafuta jike wa shambani. Kumbagua mmoja mmoja haiwezekani, ndiyo maana kazi hiyo wamepewa kromosomu. Katika nzi wa Mediterania, Ceratitis capitata, ambaye ana jozi 6 za kromosomu, kuna jeni kwenye kromosomu ya 5 ambayo nakala zake zote mbili zikiharibika, pupa (hatua kati ya buu na nzi) hutoka mweupe badala ya kahawia. Wanasayansi walivunja kromosomu ya 5 na kuunganisha kipande chake chenye jeni nzima kwenye kromosomu Y, ile ya dume. Tangu hapo kila dume hutoka kwenye pupa wa kahawia na kila jike kwenye pupa mweupe. Karibu na jeni hiyo kuna nyingine isiyostahimili joto: mayai yakiwekwa nyuzi 34 kwa saa 24, majike hufa, madume hubaki. Ukuu wa kazi hii bado unanishangaza.

Ila ina gharama. Kromosomu iliyokatwa na kuungwa upya hutoa mbegu nyingi zenye upungufu, hivyo mayai mengi hayaanguliwi hata kabla ya miale. Na mara chache kipande huhama, mweupe na kahawia wanachanganyika, na mfugo mzima unaweza kuharibika polepole. Ndiyo maana tunaendelea kuzitazama kromosomu kwa macho.

Namtoa buu aliyenona tezi za mate kwa sindano mbili, naziweka kwenye tone la rangi ya orseini, nafunika kwa kioo chembamba na kubonyeza kwa kidole gumba. Ukibonyeza kidogo zinabaki bonge, ukizidisha zinachanika. Zikitulia, chini ya hadubini unaona mikanda minene yenye mistari myeusi na myeupe kama kikoi, maana kromosomu za tezi hizo hujinakili tena na tena bila kutengana. Mwanabiolojia Balbiani aliiona mikanda ya aina hiyo mwaka 1881. Ili kipande kisihame ovyo, sehemu ya kromosomu hugeuzwa juu chini kwa makusudi, nayo hujikunja kitanzi ikikutana na mwenzake ambaye hajageuzwa. Nikikiona kitanzi pale kinapopaswa kuwepo, usiku huo nalala vizuri.

Mwaka 2021 jeni ya pupa mweupe ilitambuliwa, na ikaonekana kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyoharibika, kila mara kivyake, katika Ceratitis, katika nzi wa matango na katika Bactrocera dorsalis wetu. Kwa maoni yangu, hata hivyo, tusikimbilie kumwaga madume Makueni leo. Madume tasa hufaa pale nzi wa mwituni walipopunguzwa kwanza, na kazi hiyo inaanza na maembe yaliyoanguka: yafungwe kwenye mifuko au yazikwe kwa kina.

Jumamosi nikirudi Marikiti nitamchukulia mama kichupa chenye pupa waliogandishwa, weupe na wa kahawia, ajionee mwenyewe.