Mota Isiyo na Sensa: Yafaa Pampu, Yasumbua Bodaboda

Mafundi wanaoleta kazi kwenye karakana yetu hapa Kisumu huuliza mara kwa mara iwapo mota ya bodaboda ya umeme, ambayo sensa zake (vihisi vinavyoonyesha mota imezunguka hadi wapi) zimekufa, yaweza kuendeshwa na kontrola (kifaa kinachoigawia mota umeme) isiyotegemea sensa. Yawezekana, ila pikipiki itasumbua pale pale inapohitajika zaidi, yaani inapoondoka na abiria kwenye mwinuko kama ule wa Riat.

Mota hizi ni zile zisizo na brashi: rota, yaani sehemu inayozunguka, hubeba sumaku za kudumu, na kuizunguka, au ndani yake katika mota za gurudumu, mna makundi matatu ya koili ambayo kontrola huyapa umeme kwa zamu kulingana na mahali rota ilipofika. Sensa tatu za Hall, ambazo huhisi sumaku, zenye nyaya tano nyembamba, kwa kawaida nyekundu na nyeusi za umeme, na njano, kijani na bluu za ishara, huijulisha kontrola mahali hapo hata mota ikiwa imesimama.

Pasipo sensa, koili zenyewe ndizo husomwa. Makundi mawili yanapopokea umeme, la tatu hubaki huru, na sumaku zinapolipita huzalisha volteji ndani yake. Volteji hiyo inapovuka kiwango cha katikati, kontrola husubiri nyuzi 30 za umeme (digrii 30 za mzunguko mmoja wa umeme wenye digrii 360) kisha hubadilisha zamu. Shida ni kwamba volteji hii hutegemea kasi, na mota iliyosimama haitoi chochote cha kusomwa. Kwa hiyo kontrola kwanza huivuta rota hadi mahali panapojulikana, kisha huzungusha zamu polepole na kuongeza kasi kwa ratiba iliyopangwa, ikidhani tu kwamba rota inafuata, hadi volteji itakaposomeka vyema.

Pampu ya sola yenye impela (gurudumu la mapanga linalosukuma maji), kama zile za kumwagilia mboga kando ya mto Nyando, huvumilia dhana hiyo, kwa kuwa mzigo wake huongezeka kwa mraba wa kasi na mwanzoni ni mwepesi. Bodaboda hubeba mzigo wote kabla gurudumu halijazunguka. Rota ikiachwa nyuma, mota hutetemeka, mkondo hupanda, na kontrola hujizima au transista zake, yaani swichi zake za kielektroniki, huungua.

Zipo kontrola zinazopitisha kwenye koili mawimbi ya umeme yanayobadilika haraka sana ili kuitambua rota iliyosimama, lakini hufaulu zaidi kwa mota zenye sumaku zilizozikwa ndani ya rota, na mota nyingi za gurudumu haziko hivyo.

Ushauri wangu ni kupima sensa kabla ya kununua kontrola mpya. Zikiwa zimeunganishwa na kontrola, hakikisha kuna takriban volti 5 kati ya waya mwekundu na mweusi, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono: volteji ya kila waya wa ishara inapaswa kupanda na kushuka kati ya karibu sifuri na karibu volti 5. Waya usiobadilika ndio wenye sensa ya kubadilishwa, mradi nyaya zenyewe hazijakatika pale zinapoingilia kwenye ekseli.