Je, wajua kwa nini gamba la kobe hulainika hata anapoishi penye jua kali?

Kobe anayefugwa Mbeya au Iringa anaweza kuishi chini ya jua linalobabua ngozi ya mtu, na bado gamba lake likawa linabonyea. Mara nyingi mwenyewe hugundua akiwa anamwosha. Kidole gumba kinagusa ukingo wa gamba juu ya mguu wa nyuma, ukingo unaingia ndani kidogo, kisha unarudi taratibu. Kinachofuata katika nyumba nyingi ni chupa ya mafuta ya alizeti na kitambaa: gamba limepauka, basi lipakwe.

Dhana iliyo nyuma ya kitambaa hicho tumeinyonya tangu utotoni. Kobe ni yule wa kitendawili, anayetembea na nyumba yake, na nyumba hutunzwa kwa nje, hupigwa lipu na kupakwa rangi. Katuni za watoto zimekoleza zaidi, maana humo kobe hulivua gamba, akaliacha pembeni na kwenda kuoga. Kwa hiyo mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuamini kwamba ndani ya gamba yumo mnyama laini aliyejibanza tu, na gamba lenyewe ni kitu kikavu kisicho na uhai.

Ndani hakuna aliyejibanza. Ukilitazama kwa ndani gamba la kobe aliyekufa zamani, utaona uti wa mgongo umepita katikati ya dari yake, pingili kwa pingili, na mbavu zikitoka kulia na kushoto zikiwa zimetanuka na kushikana na mabamba ya mfupa. Gamba la juu ndizo mbavu na mgongo wake. Kumtoa humo ni sawa na kumtoa mtu kwenye kifua chake mwenyewe. Cha ajabu zaidi ni mabega: kwetu sisi, kwa ng'ombe na kwa kuku, mfupa wa bega hukaa nje ya mbavu, lakini wa kobe uko ndani yake. Na kwa kuwa mbavu zimeshikana na gamba, hawezi hata kupumua kwa kutanua kifua. Misuli ya tumboni na ya karibu na miguu ndiyo inayomfanyia kazi hiyo.

Umbo hilo halikuja kwa siku moja. Mwaka 2008 wanasayansi walieleza mabaki ya mnyama kutoka Guizhou, China, mwenye umri wa takriban miaka milioni 220, aliyeitwa Odontochelys. Alikuwa na gamba kamili la tumboni, huku mgongoni akiwa na mbavu pana tu. Alikuwa kobe nusu, na inaelekea hali hiyo haikumsumbua.

Juu ya mfupa huo kuna tabaka jembamba la keratini, kitu kile kile kinachotengeneza kucha na pembe, limegawanyika katika vile vipande tunavyoviona kwa nje. Keratini haina hisia, ila mfupa ulio chini yake una damu na neva. Kwa hiyo ile desturi ya kutoboa ukingo wa gamba na kupitisha kamba ili kobe asipotelee kwenye migomba ni kumtoboa mfupa akiwa macho, na tundu lenyewe hubaki mlango wa vijidudu. Mafuta nayo hayafiki kwenye mfupa. Yanabaki juu, yanashika vumbi, na kwenye mifereji kati ya vipande yanatengeneza utando wa uchafu ambao ukungu unaupenda sana. Kung'aa kunatoka, hilo halina ubishi.

Basi ulaini unatoka wapi? Unatoka kwenye hesabu za kalsiamu, na njia nzuri ya kuzielewa ni kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa. Kikundi kina sanduku, na wanachama wanaleta hisa kila wiki. Kwa kobe, sanduku ni gamba pamoja na mifupa mingine, na hisa ni kalsiamu inayokuja na chakula. Yupo mtu anayekaa mezani kupokea, naye ni vitamini D. Asipokuwepo, wanachama wanakuja na pesa mkononi na kuondoka nazo: kalsiamu inapita utumboni na kuishia kwenye kinyesi. Wakati huohuo kuna wanachama wenye dharura zisizoahirishwa, yaani moyo na misuli, ambao bila kalsiamu ya kutosha kwenye damu hawafanyi kazi. Mweka hazina ni tezi ndogo zinazopima damu muda wote. Damu ikipungukiwa, zinamwaga homoni, na sanduku linafunguliwa. Mweka hazina huyu hasomi katiba wala haulizi sanduku limebaki na kiasi gani. Analipa tu. Jike anayetaga anakopa zaidi, kwa sababu maganda ya mayai nayo yanatokana na kalsiamu.

Kwa nje sanduku linabaki sanduku, na kufuli zake tatu. Keratini inashikilia umbo, rangi na madoa yako palepale, na mfupa chini yake unazidi kuwa mwembamba. Ndiyo sababu watu hugundua wakiwa wamechelewa, na ndiyo sababu mafuta yanaonekana kusaidia: sanduku tupu lililopigwa rangi linapendeza kuliko lenye pesa lililopauka.

Sasa turudi kwenye jua. Vitamini D ya kobe hutengenezwa ngozini, na mwale unaohitajika ni wa urujuanimno aina ya B (UVB), sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Mbeya haina uhaba wa mwale huo. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nyuzi zisizozidi 9 kusini mwa Ikweta, na kwa kila mita 1,000 unazopanda urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwa mwale peke yake, kobe wa Uyole, Mbeya, au wa Kihesa, Iringa, yuko vizuri kuliko wengi duniani.

Lakini kazi ya ngozini ina hatua mbili. Kwanza mwale unavunja kitu fulani cha jamii ya kolesteroli na kukigeuza kuwa malighafi ya vitamini. Kisha malighafi hiyo inabadilika kuwa vitamini D yenyewe, na hatua hii inahitaji joto, wala haina haja ya mwanga. Sisi hatuioni kwa sababu damu yetu iko nyuzi 37 usiku na mchana. Kobe joto analiazima nje, na hufanya kazi vizuri mwili ukikaribia nyuzi 30. Asubuhi ya Juni au Julai, Mbeya ikiwa chini ya nyuzi 10, kobe hata shingo hatoi. Ngozi ya shingo na miguu, ambayo ndiyo ingepigwa na mwale, imekunjwa ndani. Utumbo nao umelala, kwa hiyo hata alichokula jana hakijasagwa.

Ikumbukwe pia anatoka wapi. Kobe mkubwa mwenye madoa ya chui, ambaye ndiye huokotwa barabarani na kuletwa mjini, ni mnyama wa savana kama zile za Ruaha. Bonde la Usangu, lililo jirani na Ruaha, liko kama mita 1,000. Kumpandisha hadi Mbeya mjini ni kumpunguzia nyuzi kama 4 kila saa ya mwaka mzima. Njombe ni zaidi ya hapo.

Mwenyeji mwenye huruma anamwingiza ndani, anamweka kwenye beseni dirishani jua linapoingia. Hapo ndipo kisa kinapokamilika, maana kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu urujuanimno B wote, na bati la plastiki la kupitisha mwanga ni hivyohivyo kwa sehemu kubwa. Taa ya kulelea vifaranga inatoa joto bila mwale. Nje alikuwa na mwale bila joto, ndani ana joto bila mwale, na mezani pa VICOBA bado hakuna wa kupokea.

Kinachotakiwa ni vyote viwili mahali pamoja. Kibanda cha tofali chenye uwazi unaoelekea kaskazini-mashariki kinafaa zaidi nyanda za juu, kwa sababu miezi ya baridi jua letu linapita upande wa kaskazini, na ukuta wa tofali hutunza joto hadi jioni. Kiwe na kivuli pia, maana kobe aliyefungiwa juani bila pa kujificha hufa haraka. Usiku anatosheka na sanduku la mbao lenye nyasi kavu ndani ya nyumba. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni hatari kwake kama lilivyo kwa watu.

Chakula nitakipitia haraka. Ugali, pumba, ndizi na nyanya vina kalsiamu kidogo, na pumba ina fosforasi nyingi inayoharibu uwiano. Mchicha una kalsiamu ya kutosha, ila pia una oksalati inayoishikilia isifyonzwe, kwa hiyo usiwe wa kila siku. Nyasi, mashona nguo na mapande ya mpungate ni bora. Maganda ya mayai yaliyosagwa laini yanaongeza kalsiamu, hali kadhalika chokaa ya kuchanganyia chakula cha kuku wa mayai. Chokaa ya kupaka ukuta ni kitu kingine kabisa, inaunguza mdomo.

Si kila gamba laini ni gonjwa. Kitoto cha kobe katika miezi ya mwanzo hubonyea kidogo, na hiyo ni hali yake. Halafu yupo kobe bapa wa kwenye miamba, anayepatikana Kenya, Tanzania na Zambia, hata eneo la Ruaha limo. Gamba lake ni jembamba na linanepa maisha yake yote. Akitishwa hajifichi ndani ya gamba, anakimbia, tena kwa kasi isiyotarajiwa, na kujibanza kwenye ufa wa jiwe. Tangu 2019 biashara ya kimataifa ya kobe bapa wa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hata huyu wa madoa, Tanzania ni mnyamapori chini ya sheria ya mwaka 2009, na kumfuga kunahitaji kibali. Aliyeokotwa barabarani na mwenye afya aachwe aendelee na safari zake.

Kobe wa maji ana tatizo la kinyume: gamba lisilopata nafasi ya kukauka kwenye maji machafu hupata vidonda vyenye harufu. Anahitaji jiwe la kupanda juani na maji yanayobadilishwa. Vipande vyembamba vya keratini kumbanduka mara kwa mara ni kawaida kwa wengi wao, mradi chini yake pawe pagumu na pakavu.

Yanabaki matuta. Kobe wengi wa kufugwa huota vilima mgongoni, na kwa muda mrefu lawama zilienda kwenye chakula chenye protini nyingi. Utafiti uliochapishwa 2003 kutoka Austria, uliolea vitoto vya kobe wa Sahel, ulionyesha kwamba hewa kavu ndiyo ilichangia zaidi. Hao ni spishi nyingine na walikuwa wachanga, na kobe wa madoa huweza kuwa na vilima vidogo hata akiwa porini, kwa hiyo matokeo hayo yasibebwe kama yalivyo. Hata hivyo, kiangazi chetu cha Mei hadi Oktoba ni kikavu kweli, na kumlowesha kobe mchanga kwenye maji vuguvugu yasiyofika shingoni, kisha kumkausha juani, ni tahadhari isiyo na gharama. Vilima vilivyokwisha kuota havishuki, si kwa mafuta ya alizeti wala kwa msasa, na wapo waliojaribu msasa.