Kilimanjaro ya postikadi na Kilimanjaro ya nyumbani

Ile picha ya Kilimanjaro inayojulikana dunia nzima, tembo mbele na kilele cha Kibo nyuma, kwa kawaida hupigwa Amboseli, upande wa Kenya. Ni picha nzuri, siibezi. Ila Mchagga wa Machame au Marangu haoni kwao pale. Mlima aliokua nao huchungulia juu ya migomba, na siku nyingi ikifika saa nne asubuhi mawingu yameshaufunika.

Kwa hiyo nikipiga mandhari ya kusini mwa mlima, naanza na kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba ya Mchagga. Juu kuna miringaringa na migrivea inayotoa kivuli, chini yake migomba, kisha mibuni, kisha magimbi yanayopenda unyevu wa mfereji. Mpakani pameota sale, ambayo jani lake hupelekwa kwa mtu unapomwomba msamaha. Kando ya nyumba, makaburi ya wazee. Ukiviondoa vyote hivyo kwenye fremu ili ubaki na kilele cha mita 5,895, umepiga mwamba na barafu; nyumbani kwa mtu hakumo.

Shida ya kiufundi ni kwamba kihambani kuna giza na barafu inang'aa, na kamera haibebi vyote kwa mpigo mmoja. Funga kamera kwenye tripodi, piga fremu ya barafu, piga ya kivuli, uziunganishe baadaye. Majani ya mgomba yakilowa hung'aa weupe hadi ukijani unapotea. Filta ya polaraiza, inayokata mng'ao, huurudisha. Na usikimbilie lenzi pana, itaufanya mlima uwe kichuguu. Vuka korongo, simama kwenye mgongo wa pili wa mlima, tumia lenzi ya milimita 100 au 135. Hapo nyumba na Kibo vinakaribiana, na mlima unarudia ukubwa ule unaouona ukiwa umesimama uani.

Majira nayo yana siri yake. Mwezi Juni jua huchomoza likiwa limeegemea kaskazini, uso wa kusini wa Kibo ukabaki kivulini. Disemba limehamia kusini, na asubuhi linaupiga uso huo waziwazi. Huo ndio mwezi ambao Wachagga wa Dar es Salaam, Arusha na hata ng'ambo wanarudi kula Krismasi nyumbani! Moshi wa jikoni unapita katikati ya migomba, mionzi ya jua inaonekana mmojammoja ndani yake, watoto waliozaliwa mjini wanaonyeshwa kaburi la babu. Naipenda fremu hiyo kuliko kilele chochote.

Wingu likigoma kuondoka, usifungashe vifaa. Mwanga wa mawingu ni laini, hauna vivuli vikali, na ukijani wa kihamba hutoka vizuri kuliko siku ya jua. Geuza kamera, piga mfereji na njia ya kuingilia nyumbani. Walio mbali wakiniagiza picha, mara nyingi huulizia hiyo njia kwanza.