Unakunywa warfarini? Choo cheusi hakingojei asubuhi

Warfarini na aspirini zinaifanya damu iwe nyepesi kama maji?
Hapana, ingawa mitaani zinaitwa dawa za kulainisha damu. Damu ni ileile, ila inachelewa kuganda. Warfarini inalizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha. Ndiyo maana huchukua siku kama 5 kukolea. Aspirini inazuia chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu vinavyoziba jeraha, zisishikane. Bonge lililokwishaganda haziliyeyushi, zinalizuia lisikue.

INR ni nini?
Kipimo cha kuganda kwa damu. Asiyetumia dawa ana karibu 1. Wengi wa warfarini wanatakiwa 2 hadi 3. Kipimo cha miezi mitatu nyuma hakisemi lolote kuhusu leo.

Nimepata choo cheusi lakini tumbo haliumi. Ningoje?
Usingoje. Choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, ni damu iliyovuja tumboni ikasagika njiani. Mara nyingi haiumi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanaletwa siku ya tatu, viganja vyeupe, hata kusimama hawawezi.

Labda ni vidonge vya kuongeza damu?
Kweli, hivyo navyo hutia choo weusi. Lakini wewe uko kwenye warfarini, usijiamulie nyumbani. Nenda leo.

Na kama ni usiku, niko Pemba?
Nenda usiku huohuo, spitali iliyo karibu. Boti ya Unguja ya asubuhi si tiba. Chukua kadi na pakiti za dawa zote. Ukijigonga kichwa, hata bila jeraha, nenda vilevile.

Mgongo unauma, nichomwe diklofenaki?
Hapana! Inachubua utando wa tumbo na kudhoofisha chembe sahani. Choo cheusi kingi huanzia duka la dawa, kwa dawa kama hiyo. Na sindano ya kalio huvujisha damu ndani ya msuli, kalio likavimba likawa gumu. Ibuprofeni ni yaleyale. Kuumikwa chuku nako kuache: chale za wembe zitachuruzika saa nzima. Muulize daktari wako kuhusu paracetamoli, maana hata hiyo ukiinywa kila siku hupandisha INR.

Niache mchicha na kisamvu?
Usiache. Majani haya yana vitamini K, basi kula kiasi kilekile kila wiki. Kinachovuruga INR ni kula sufuria leo na kukaa wiki mbili bila jani.

Nimekata kidole nikipaa samaki?
Bana kwa kitambaa safi dakika 10 ukitazama saa, bila kuchungulia jeraha. Kahawa na majivu viacheni jikoni. Ikiendelea kutoka, spitali.

Nimesahau kidonge cha jana?
Kimeshapita. Kunywa cha leo tu, usimeze viwili.